Barua za sataranji: Askofu amekufa h7, amekufa bure?

Mwezi huu bahasha karibu zote zina harufu moja: mtu kamtoa askofu wake kafara, yaani kamwacha aliwe makusudi ili amfikie mfalme wa mwenzake, sasa anataka kuambiwa kama alikuwa shujaa au mjinga. Nimechagua barua nne.

Kwa wasomaji wapya: mimi nilifundisha hisabati sekondari hapa Morogoro miaka 31, nimestaafu, na jioni nacheza na watoto wa mtaa barazani kwangu. Kisanduku kimoja cha ubao nakiita nyumba, neno nimeliazima kwenye bao. Kila nyumba ina herufi na namba: herufi a mpaka h toka kushoto kwa Mweupe, namba 1 mpaka 8 toka upande wake kwenda kwa Mweusi. Vyote vinavyosimama ubaoni ni kete, wale wanane wa mbele ni askari. Mfalme akiruka nyumba mbili na ngome ikamvuka, nasema amejihifadhi. Akitishwa ni cheki, akitishwa akakosa pa kukimbilia ni chekimeti.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga. Mchana kazi ikipungua tunacheza sataranji gereji, ubao juu ya boksi la vipuri. Kwenye simu nilijifunza ile kafara ya askofu: askofu anapiga h7, mfalme anamla, farasi g5, malkia h5, kwisha. Jumatatu nilimfanyia jirani yangu muuza matairi, akafa hatua ya 14. Ijumaa nikamfanyia tena yeye yule, kwa mwanzo uleule, nikafa mimi. Nimekuandikia hatua zote. Mimi tofauti siioni. Programu ya simu inasema ya Jumatatu safi, ya Ijumaa kosa kubwa, lakini haisemi kwa nini. Mtu anajuaje kabla hajamtoa askofu wake?*

Marahaba, fundi. Karatasi imefika, na alama ya grisi juu ya hatua ya sita. Nimeipanga michezo yote miwili kwenye ubao wangu, ambao askofu wake mweupe wa upande wa mfalme ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Wa asili alipotezwa na mjukuu, na kwa kuwa ndiye tunayemtoa kafara kila siku, sikuona haja ya kutafuta mwingine.

Hatua nne na nusu za mwanzo ni pacha. Wewe e4, yeye e6. Wewe d4, yeye d5. Farasi wako c3, wake f6. Ukasukuma askari e5, farasi wake akakimbia kwenda d7. Farasi wako wa pili f3. Mwanzo huu unaitwa Ulinzi wa Kifaransa, na jina lenyewe lilitoka kwenye barua kama zetu hizi: mwaka 1834 wachezaji wa London na wa Paris walianza mechi kwa posta, na Wafaransa wakajibu kwa e6.

Sasa tazama hatua yake ya tano. Jumatatu askofu wake wa nyumba nyeusi alikwenda b4. Ijumaa alikwenda e7. Baada ya hapo siku zote mbili wewe ulileta askofu d3, yeye akajihifadhi upande mfupi, na wewe ukapiga h7 kwa cheki. Basi. Ubao mzima unafanana nyumba kwa nyumba isipokuwa askofu mmoja, na huyo askofu si wako. Ndiyo maana hukuona tofauti: ulikuwa unatazama kete zako. Zako zilikuwa zilezile.

Twende na Jumatatu kwanza. Mfalme kala h7, farasi wako kaja g5 kwa cheki. Muuza matairi ana njia tano, na mtu anayetaka kumtoa askofu lazima azipitie zote tano *kabla* ya kumgusa. Akirudi h8, malkia h5 cheki, mfalme g8, malkia h7, kwisha kazi. Akienda h6, farasi wako anapiga e6, na nyuma yake askofu wa c1 anafunguka kumpa mfalme cheki, huku farasi akimtazama malkia wa d8, malkia kaondoka. Akimla farasi kwa malkia, askofu wako wa c1 anamla malkia. Amepata askofu na farasi kwa malkia wake, na wewe una askari mmoja juu. Akienda g6, subiri barua inayofuata. Akirudi g8, ndicho alichofanya, unaleta malkia h5 na unatishia h7.

Hapo g8 ndipo wengi huharibu, na wewe hukuharibu, nakupa heko. Yeye alisogeza ngome e8 ili mfalme apate mlango f8. Ukiwahi malkia h7, mfalme f8, malkia h8, mfalme e7, halafu ukala g7, bado anapumua, kwa sababu askari wake wa f7 amesimama mbele ya malkia wako kama mlinzi wa geti. Wewe ulianza na kumla huyo wa f7 kwa cheki. Mfalme h8, malkia akarudi h5 cheki, mfalme g8, malkia h7, mfalme f8, malkia h8, mfalme e7, malkia g7. Chekimeti. Nyumba d6 na f6 zinashikwa na askari wako mmoja tu wa e5, na d7, d8, e6 na e8 zimejaa watu wake mwenyewe. Mfalme kasongwa na jamaa zake.

Ijumaa. Askofu yuko e7. Mfalme kala h7, farasi kaja g5 kwa cheki, na askofu wa e7 akamla. Mwisho wa hadithi. Ukaleta malkia h5 kwa cheki, naye askofu yuleyule akarudi h6 kuziba. Ukamla, askari wa g7 akamla wako. Umetoa maaskofu wawili na farasi, umepata askofu na askari mmoja. Malkia wako akabaki anazunguka peke yake kama bodaboda saa tisa usiku. Hata askari wa h6 humli, mfalme wake wa h7 anaishika nyumba hiyo.

Kwa hiyo swali lako, mtu anajuaje, nalijibu hivi: hesabu g5. Wasichana wangu wa kidato cha pili niliwafundisha kuiandika pembeni ya karatasi kama hesabu ya kutoa. Nani wangu anaishika g5? Farasi anayekwenda pale, na askofu wa c1 nyuma yake. Nani wake? Jumatatu, malkia peke yake, na malkia ni kete ya bei, akila pale analiwa na hasara ni yake. Ijumaa, askofu mbele na malkia nyuma. Askofu akila, ukimla kwa askofu wako, malkia anakula tena. Si idadi tu, ni bei pia: kete rahisi ikiwa ya kwanza kula g5, kafara imekufa mkononi mwako.

Baada ya g5, nenda h7. Nani anaweza kurudi kuilinda? Ukiona farasi wake f6, usiendelee hata kufikiri. Ndiyo maana askari wa e5 ana thamani kuliko anavyoonekana, yeye ndiye aliyemfukuza farasi huyo. Kisha fuata mlalo, yaani njia ya kona kwa kona anayopita askofu, unaotoka h7 kushuka g6, f5, e4, d3. Kuna askofu wake au malkia wake anayeweza kukalia mlalo huo? Katika Ulinzi wa Kifaransa askofu wake wa c8 kafungiwa nyuma ya e6 kama mbuzi zizini, ndiyo sababu kafara hii inapenda mwanzo huo. Akiwa ameshatoka kwenda f5, sahau.

Nilisema utazame kete zake. Kuna jambo moja la upande wako, nalo nililijua kwa aibu. Mwaka 1994, treni ya Reli ya Kati, behewa la daraja la pili, nacheza na bwana mmoja nesi aliyekuwa na ubao wa sumaku. Nilihesabu g5, nikahesabu h7, nikahesabu mpaka tukapita stesheni mbili. Nikatoa askofu. Mfalme kala, farasi g5, mfalme g8. Nikanyosha mkono kumchukua malkia nimpeleke h5, na nikaona farasi wangu wa pili amekaa e2, katikati ya njia ya malkia, kama lori bovu kwenye daraja. Nesi alikuwa muungwana, hakucheka. Alifungua chupa yake ya chai akanimiminia. Kwa hiyo angalia na hilo: kutoka d1 mpaka h5 pawe peupe.

Na Ijumaa ungefanya nini badala ya kumtoa askofu? Usingejihifadhi wewe, na kweli hukuwa umejihifadhi, ngome yako ilikuwa bado h1. Ungesukuma h4. Hatua moja tu ya askari, haina kelele. Mwitalia Gioachino Greco, mtu wa Calabria, aliandika mchezo wa namna hii kwenye miaka ya 1620 katika vitabu vya mkono alivyowauzia matajiri. Ulianza e4 e6, d4 farasi f6, askofu d3 farasi c6, farasi f3 askofu e7, h4, Mweusi akajihifadhi, e5, farasi d5. Mweusi ana askofu e7 kama jirani yako! Greco anatoa askofu h7, mfalme anakula, farasi g5 cheki, askofu anakula farasi, na *askari wa h4 anamla askofu*. Msitari wa h umefunguka, ngome ya h1 inampa mfalme cheki kutoka mwisho wa ubao. Mfalme g8, malkia h5, Mweusi f5 kutafuta pumzi, askari g6 kuziba f7, ngome e8, malkia h8. Hatua 12. Kile kilichokuua wewe Ijumaa, kwa Greco ndicho kilichofungua mlango.

Wazungu kafara hii wanaiita zawadi ya Kigiriki. Wapo wasemao ni kwa sababu ya farasi wa mbao wa Troya, zawadi ya Wagiriki katika hadithi iliyoficha askari tumboni, wapo wasemao ni kwa jina la Greco, maana kwa Kitaliano ndiyo Mgiriki. Mimi naiita kifuniko cha kikohozi.

*

*Shikamoo Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Form Two, Nakuru. Kwa klabu yetu ya shule kila mtu anajua mfalme akirudi g8 anakufa. Lakini sasa watoto wameerevuka, wanatoka g6. Mfalme anakuja nje kabisa na mimi nashindwa kumfanya chochote. Je, g6 inaua hii kafara?*

Marahaba, mjukuu. Haiui, ila inakutoza. g8 ni hesabu ya kujumlisha, g6 ni aljebra. Na hapa ndipo ninapomjua mtu aliyehesabu na mtu aliyekariri.

Chukua mchezo wa Jumatatu wa huyo fundi wa Tanga, tuseme muuza matairi katoka g6. Kishawishi ni kumpa cheki mfululizo mpaka mkono uchoke. Usimpe. Sukuma h4. Si cheki, si kula, ni askari tu. Sasa unatishia h5. Tuseme anajitetea kwa f6, hatua ambayo mtoto yeyote angeicheza kwa sababu inamtisha farasi. Unacheza h5 kwa cheki. Hawezi kumla farasi, askofu wa c1 anamlinda. Akienda h6, farasi anapiga e6, cheki ya kufunuka, malkia kaondoka kama tulivyoona. Akienda f5, unacheza g4.

Panga ubaoni uone mwenyewe, usiniamini mimi. Mfalme yuko f5 katikati ya uwanja. g6 inashikwa na askari wa h5. e4 inashikwa na farasi wako wote wawili. f4 na g5, askofu wa c1 ambaye hajasogea tangu mchezo uanze. g4, malkia ambaye naye hajasogea. e5 yupo askari anayelindwa na d4. e6 na f6 ni askari wake mwenyewe. Amekufa kwa askari mdogo wa g, na malkia wako bado kakaa nyumbani anakunywa uji. Sijui kama kuna chekimeti ninayoipenda kuliko hii.

Jibu lake gumu, badala ya f6, ni ngome kwenda h8. Hilo nakuachia wewe na klabu yako mlipange mezani, na nakudokeza tu kwamba malkia d3 ni cheki.

Hiyo h4 tulivu si uvumbuzi wangu. Moscow, 1969, mashindano ya ubingwa wa Sovieti, Lev Polugaevsky dhidi ya Mikhail Tal, Tal yuleyule aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1960 na aliyeishi kwa kutoa kafara. Hatua ya 19 Polugaevsky akapiga h7, hatua ya 20 farasi g5, Tal akatoka g6. Hatua ya 21: h4. Hakushtuka, kwa sababu mambo hayo alikuwa ameyapanga nyumbani kwake kabla. Na mfalme wa Tal hakufa! Malkia walibadilishana, wakaingia mwisho wa mchezo wenye ngome na farasi, na Polugaevsky akashinda huko taratibu. Waambie na hilo klabuni. Kafara si lazima iishe kwa kifo. Wakati mwingine inaisha kwa wewe kuwa na askari wa ziada na yeye kuwa na mfalme aliyechoka, na hiyo pia ni faida, uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukiulizwa g6 inaua au haiui, usijibu mpaka umeona vitu hivi viko wapi: askofu wa c1 (bado anatazama g5 na h6, au umeshamfungia kwa askari wa e3?), askari wa h (anaweza kupanda?), na malkia (g4 au d3 anapafika?). Ukiwa na viwili kati ya vitatu nakaa nahesabu. Ukiwa na kimoja narudisha mkono mfukoni.

Lingine ulilogusa mwishoni mwa barua, la yule rafiki yako ambaye hakumla kabisa askofu, akasogeza mfalme h8: umepata askari wa bure. Kama huoni pigo la wazi, mrudishe askofu d3, sema asante. Watu wanaona haya kurudi nyuma baada ya kupiga kifua. Mimi sioni haya.

*

*Mwalimu, mimi na mume wangu tunabishana, Dodoma. Yeye husema kafara ikishinda basi ilikuwa sahihi, mengine ni maneno ya walioshindwa. Mwambie.*

Mama, mwambie atafute mchezo wa Edgard Colle wa Ubelgiji na John O'Hanlon wa Ireland, Nice, 1930. Colle akapiga h7 hatua ya 12, farasi g5, O'Hanlon akatoka g6, akapigwa vibaya. Mchezo ukasifiwa kote. Halafu watu wakakaa wakauliza: je, angerudi g8? Wamebishana miaka na miaka. Bwana Colle alipata pointi yake, hiyo hakuna anayemnyang'anya. Ila mumeo akikukuta umevuka barabara umefumba macho na ukafika ng'ambo, atakusifu kwa kuvuka sahihi?

*

*Assalaam aleikum Maalim. Naandika kutoka Muscat, wazee wangu ni wa Unguja. Hapa Waarabu hiyo kete unayoiita askofu wanaiita fili, yaani tembo. Marehemu babu naye alikuwa akisema fili. Huyu askofu kaingiaje kwenye vita?*

Wa aleikum salaam, bibi. Babu yako alikuwa na haki zaidi kuliko mimi. Neno sataranji lenyewe limetujia kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, nao kwa Wahindi, ambao waliuita mchezo chaturanga, viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Kete hii ilikuwa tembo. Wahispania mpaka leo wanasema *alfil*, wamebeba hadi ile "al" ya Kiarabu. Waingereza ndio waliomvika joho la kanisa, Wafaransa wakamwita mwendawazimu, Wajerumani mkimbiaji. Sisi tuliosomea sataranji shuleni kwa vitabu vya Kiingereza tukapata askofu.

Lakini sababu ya kukuweka kwenye ukurasa huu wa kafara ni nyingine. Tembo wa zamani alikuwa anaruka nyumba mbili tu kwa mlalo, si moja, si tatu. Alikuwa anaweza kumruka mtu katikati, ila mbali hafiki. Akiwa d3 anaruka f5, kisha h7 mara ya pili, na kwenye f5 ungekuwa umeshamwona ukamwandalia kahawa. Kupiga moja kwa moja kutoka d3 mpaka h7 hakukuwezekana hata kidogo mpaka Ulaya ilipobadilisha sheria mwishoni mwa karne ya 15, tembo akapewa mlalo mzima, na malkia, ambaye kabla yake alikuwa waziri wa kutembea nyumba moja moja, akapewa ubao wote. Kwa hiyo Greco alikuwa anacheza na kete ambazo umri wake haukufika hata miaka 150. Babu yako alivyosema fili, je, alimchezesha kwa mwendo upi? Ukiwa na mzee yeyote huko anayekumbuka, niandikie. Hilo nalitaka kweli.

*

Sasa kazi ya nyumbani. Rudi kwenye ubao wa Jumatatu, askofu wa Mweusi yuko b4, yako yote iko tayari: askofu d3, farasi f3, askari e5, malkia d1 njia nyeupe. Ila Mweusi ameshahamisha ngome yake kwenda e8, na yule farasi wa d7 amekaa f8. Askari wa h7 yupo. Ni zamu yako. Unamtoa askofu, humtoi? Nataka sababu kwa sentensi moja, si karatasi ya hatua. Wa Tanga, futa mikono kwanza. Na anayejua namba yangu asinipigie saa nane mchana, nalala.